Kama tezi dume imeshatolewa, ile "0 hadi 4" haikuhusu

Miaka miwili baada ya upasuaji wa saratani ya tezi dume, nilipokea majibu ya maabara: PSA (protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu) 0.3. Pembeni yameandikwa makadirio ya kawaida, 0 hadi 4. Kijana wa dirishani akaniambia, "Mzee wangu, uko salama kabisa." Nikamshukuru Mungu, karatasi nikaitia kwenye droo. Ikakaa humo wiki tano.

Ndugu yangu uliyepita njia hii, hiyo 4 ni ya mwanamume ambaye bado ana tezi yake. PSA hutengenezwa na tezi dume. Ikishatolewa yote, wiki sita hadi nane baadaye kipimo kinatakiwa kiwe chini ya 0.1. Kikifika 0.2, na cha kurudia kikathibitisha, madaktari wanahesabu kuwa ugonjwa umerudi, hata kama huumwi popote. Mimi sikuumwa. Nilikuwa nalima, nakula, nalala vizuri.

Mke wangu ndiye aliyeikumbuka ile karatasi siku ya kliniki. Daktari akaitazama, kisha akauliza za nyuma ziko wapi. Sikuwa nazo, na hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu namba moja haitoshi. Anachotaka kujua ni kasi: PSA inachukua muda gani kuongezeka mara mbili? Miezi michache ni hatari. Zaidi ya mwaka, kuna nafasi ya kupumua na kupanga. Tena upime maabara ile ile kila mara. Mashine hutofautiana, na kwenye namba ndogo kama hizi tofauti kidogo tu inakupotosha.

Niliporudia ilikuwa 0.34. Niliuliza kama tungoje mpaka skani ionyeshe ugonjwa ulipo. Akakataa: PSA ikiwa chini hivyo, hata skani ya PET inaweza isione kitu, na tiba ya mionzi inayolenga pale tezi ilipokuwa hufanya kazi vizuri zaidi ikianza kabla PSA haijafika 0.5. Basi nikaanza mionzi, siku tano kila wiki, kwa zaidi ya wiki sita.

Sasa tuna daftari: tarehe, maabara, namba. Mama watoto ndiye anayeliandika. Nawe kama una karatasi kwenye droo, itoe leo, usome namba yenyewe, kisha umpelekee daktari aliyekupasua.