Jenereta za kijeshi zilizotumika: ushauri kwa fundi anayeanza

Kijana aliyetoka VETA Chang'ombe, aliyezoea jenereta ndogo za petroli na zile za kawaida za maofisini, anapoletewa karakanani Gerezani au Keko jenereta ya dizeli iliyouzwa na jeshi la Marekani baada ya kuondolewa kazini, hapati ugeni mkubwa kwenye injini. Ugeni uko kwenye umeme wake na kwenye mfumo wake wa ulinzi. Mashine hizi zimejengwa zijizime zenyewe kabla hazijaharibika, na kazi yetu ni kutafuta sababu iliyozizima. Fundi anayeunganisha waya moja kwa moja ili kuizunguka sensa iliyozima mashine hajatengeneza kitu, hata kama mteja ataondoka akiwa amefurahi.

Kabla ya kushika spana, soma bamba la maelezo lililo kwenye mashine. Katika familia inayofahamika zaidi, ambayo namba zake za kijeshi huanza na MEP, MEP-802A ni ya kilowati 5, MEP-803A ni ya 10, MEP-804A ni ya 15, MEP-805A ni ya 30 na MEP-806A ni ya 60. Mbili za kwanza hutoa hezi 60 tu (hezi ni idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde), ilhali tatu za mwisho zinaweza kuwekwa kwenye hezi 50 au 60, na kwa hiyo zinafaa zaidi hapa kwetu, ambako umeme wa TANESCO ni volti 230 kwa 400 na hezi 50. Zipo pia MEP-812A na MEP-813A, ambazo kwa umbo zinafanana sana na ndugu zao lakini hutoa hezi 400 kwa ajili ya vifaa maalumu vya kijeshi. Hiyo haiwezi kuendesha friji wala pampu ya mtu wa Mbezi, na ni haki ya mteja kuambiwa hivyo kabla hujapokea fedha yake.

Usikubali kukaza au kulegeza gavana, yaani kidhibiti cha mwendo wa injini, ili mashine ya hezi 60, inayozunguka mara 1800 kwa dakika, ishuke hadi 1500 na kutoa hezi 50. Ukiilazimisha kutoa volti zilezile kwa mwendo mdogo, chuma cha oltaneta, sehemu inayozalisha umeme, hubeba sumaku kupita kiasi, koili hupata moto, na wakati huohuo feni yake inapuliza hewa kidogo kuliko ilivyokusudiwa. Acha izunguke inavyotakiwa, kisha angalia mzigo. Hita na taa nyingi hazitalalamika, lakini mota ya pampu iliyotengenezwa kwa hezi 50 itataka kuzunguka kwa kasi zaidi kwa asilimia 20, na pampu ya aina ya feni ikiongezwa kasi kiasi hicho huhitaji nguvu karibu mara 1.7. Mota huungua kwa sababu hiyo, na lawama huangukia jenereta.

Jambo linalonitia hofu kuliko yote ni nyutro, waya wa kurudishia umeme. Kwenye MEP-803A volti 240 za fezi moja hupatikana kati ya waya mbili ambazo kila moja ina volti 120 kuelekea ethi (waya wa ardhini), na nyutro yake iko katikati. Nyumba zetu zimefungwa kwa laivu moja, yaani waya wenye umeme, na nyutro, na swichi za ukutani hukata laivu peke yake. Ukiziunganisha waya hizo mbili kana kwamba moja ni laivu na nyingine ni nyutro, waya ambao kila fundi wa nyumba anauona hauna madhara unabaki na volti 120 hata swichi ikiwa imezimwa. Na kama nyutro ya nyumba imeungwa na ethi, umefanya shoti ya nusu ya koili. Njia ya kuaminika ni transfoma ya kutenganisha yenye uwiano wa 1:1, ambayo upande wake wa pili ndio unaoungwa na ethi kwenye ncha moja ili ipatikane nyutro ya kweli. Chenjiova, swichi ya kuchagua kati ya TANESCO na jenereta, nayo haina mjadala, kwa kuwa jenereta inayosukuma umeme kurudi kwenye laini inaweza kumuua fundi wa TANESCO aliye juu ya nguzo akiamini kwamba laini imezimwa.

Kuhusu betri, mfumo ni wa volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofungwa mfululizo. Pima kila moja peke yake wakati stata inazunguka, maana betri moja iliyochoka huiangusha nzima, na usiibusti kwa gari la volti 12.

Wageni wengi huchanganyikiwa wakati wa kuwasha. Swichi kuu hushikiliwa kwenye START mpaka injini itulie, shinikizo la oili lipande na volteji ijengeke, kwa sababu katika nafasi hiyo ndipo oltaneta inapopewa umeme wa betri wa kuamsha sumaku yake. Ukiiachia mapema, mashine huzima, na fundi huanza kufungua filta za dizeli ambazo hazina kosa lolote. Vilevile mashine inaweza kuunguruma vizuri, geji ikionyesha volti sahihi, lakini kwenye terminali kusiwe na kitu. Hapo angalia kama kontakta, swichi kubwa ya ndani inayotoa umeme nje, imeunganishwa kwa kuwasha swichi yake ya paneli kabla ya kusema koili zimekufa.

Kwenye paneli utakuta swichi yenye kifuniko iliyoandikwa BATTLE SHORT. Iliwekwa ili mashine iendelee kufanya kazi vitani hata kama itaharibika, na ikiwashwa ulinzi karibu wote hupuuzwa. Ukiikuta imewashwa kwenye mashine iliyotoka mikononi mwa watu wengine, ichukulie kama ushahidi kwamba kulikuwa na tatizo ambalo mtu hakutaka kulitafuta. Izime, halafu fuata taa za hitilafu. Taa ya oili ikiwaka, funga geji ya mkono kwenye injini upime shinikizo lenyewe. Shinikizo likiwa zuri, kosa liko kwenye sensa au waya wake, na likiwa baya, umemwokolea mteja injini.

Katika hewa ya pwani yetu, tangi lililoachwa nusu hukusanya maji, na tangu Bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kuingiza umeme kwenye gridi mwaka 2024 na mgao kupungua, mashine nyingi hukaa muda mrefu bila kuguswa. Mwaga uchafu wa chini ya tangi, badilisha filta, kisha toa hewa kuanzia pampu ndogo hadi nozeli. Usiweke mkono mbele ya nozeli inayopuliza. Dizeli ya shinikizo hilo hupenya ngozi, na hata kitobo kidogo kisichouma ni cha kupelekwa hospitali saa hiyohiyo.

Chumvi na unyevu huingia pia kwenye koili. Pima insuleshoni kwa mega (kipimo cha insuleshoni) ya volti 500, baada ya kutenganisha regyuleta, yaani kidhibiti cha volti, na kulinda daiodi za rota, ambazo kipimo hicho kinaweza kuzitoboa. Ikiwa chini ya megaohm 1, usiiwashe. Ikaushe kwa joto la taratibu upime tena, kwa kuwa koili nyingi zinazopelekwa kusukwa upya zilihitaji kukauka tu.

Mwisho ni mzigo. Jenereta iliyozunguka bila mzigo karakanani haijajaribiwa, na dizeli inayofanya kazi nyepesi kwa muda mrefu hujaza bomba la moshi mafuta meusi yasiyoungua. Kusanya hita za maji zifikie robo tatu ya uwezo wa bamba na uiache ifanye kazi saa mbili, huku ukiandika volti, hezi, joto na shinikizo la oili kila baada ya dakika 15. Moshi mweupe unaoendelea baada ya injini kupata joto ni dizeli isiyoungua, wa bluu ni oili, na mweusi ni mzigo mkubwa mno au hewa pungufu. Nakala ya karatasi ya vipimo hivyo ibaki ndani ya mlango wa paneli, ili fundi atakayekuja baada yako aone mashine ilikuwaje ilipokuwa nzima.