Maswali na majibu: Njooni Jumanne

Barua zimerundikana tena, na nusu yake ni swali lile lile la kila mwisho wa mwaka. Naanza nalo ili tumalizane.

Mimi na familia yangu tunataka kugawa chakula kwa wasio na makazi siku ya sikukuu. Tuanzie wapi?

Anzieni Jumanne. Sitanii. Siku ya sikukuu wagawaji hukaribia kuwazidi walaji. Nimewahi kupanga foleni kusubiri zamu ya kushika upawa, nyuma yangu watu wanane wamevaa aproni mpya zenye mikunjo ya dukani. Wiki mbili baadaye, siku ya kazi, mvua inanyesha, tulikuwa watatu, na sufuria za jana yake zilikuwa bado zimelowekwa. Pigeni simu kwenye jiko linalogawa chakula, ulizeni ni siku gani wanaojitolea hupungua, chukueni zamu moja fupi kwa wiki na mkae nayo miezi sita. Mkipata dharura, semeni mapema. Anayeahidi asitokee anaharibu kuliko asiyeahidi kabisa, maana zamu yake ilishahesabiwa.

Naweza kuwapiga picha ninaowahudumia ili kuhamasisha wengine?

Hapana. Na wewe uliyeuliza "hata kwa nyuma?", hapana. Nilishamwona mzee mmoja akijiziba uso kwa sahani, mchuzi unamchuruzika hadi kwenye kiwiko, kwa sababu ya simu ya mtu mmoja. Piga picha sufuria.

Tunachambua misaada ghalani. Kopo lililobonyea au lililopita tarehe tulifanyeje?

Afadhali, swali la mtu aliye kazini. Tarehe ziko za aina mbili. Ya "bora kabla ya" inahusu ladha na ubora. Kopo zima lililoipita kidogo kwa kawaida bado linalika, ila fuateni kanuni ya ghala lenu. Ya "tumia kabla ya", ile ya vitu vinavyooza upesi, ikishapita hakuna mjadala, ni kutupa.

Kubonyea je? Pitisha kidole kwenye mishono, juu, chini na ubavuni. Bonyeo dogo lililo mbali na mshono halina neno. Lililokaa kwenye mshono, au lenye ncha kali, au kutu inayokula bati, weka kando. Kopo lililovimba usilifungue wala usionje "kuhakikisha", kwa sababu huenda lina sumu ya botulinamu, na hiyo huwezi kuitambua kwa harufu wala kwa ladha. Na nyinyi mnaoleta: msilete kitu ambacho msingekiweka mezani kwenu. Kila mfuko wa taka mnaotuletea kwa jina la msaada, kuna mtu ametoka kwake kuja kuuchambua bure.

Sisi marafiki tunapika nyumbani na kuzungusha mitaani usiku. Kuna tatizo?

Linaweza kuwapo. Shirika la Afya Duniani linataka chakula cha moto kibaki juu ya nyuzi 60 za Selsiasi, cha baridi chini ya nyuzi 5, na kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2. Anzeni kuhesabu mnapoepua, si mnapowasha gari. Anayelala nje akiharisha usiku, choo atakipata wapi? Halafu waulizeni wanaogawa eneo hilo, msije mkafika makundi matano Ijumaa na Jumatatu asionekane mtu.

Pesa au vitu?

Pesa. Ukishindwa, soksi mpya.

Wengi wao ni walevi. Kwa nini wasiache pombe kwanza ndipo wapewe chumba?

Swali hili huniandikia watu ambao wote wana mlango wa kufunga. Jaribu wewe kuacha chochote huku usiku unalalia viatu vyako visiibwe. Mwaka 1992, jijini New York, Sam Tsemberis alianzisha shirika la Pathways to Housing lililoupindua mpangilio huo: makazi kwanza, matibabu yanafuata kwa hiari ya mtu. Ufini iliufanya utaratibu huo kuwa sera ya taifa kuanzia 2008, ikageuza mabweni ya muda kuwa nyumba za kupanga zenye mkataba na kodi, na idadi ya waliokosa makazi kwa muda mrefu ikapungua kwa zaidi ya nusu. Kazi yako kwenye meza ya chakula ni kupakua. Usimnuse mtu, usimdai historia ya maisha yake, na usimwahidi nyumba usiyo nayo.

Mtu mmoja anayejitolea anabadili nini?

John van Hengel alikuwa akijitolea kwenye jiko la hisani mjini Phoenix, Marekani. Mama mmoja akamweleza kwamba analisha wanawe kwa vyakula vinavyotupwa na maduka, akasema ingefaa pawepo mahali pa kuweka na kuchukua chakula kama benki. Mwaka 1967 likafunguliwa ghala la St. Mary's, linalohesabiwa kuwa benki ya kwanza ya chakula duniani. Tazama wazo lilitoka kwa nani. Van Hengel alichofanya ni kusikiliza, na alisikia kwa sababu alikuwepo.

Nikijitolea nitapewa cheti?

Utapewa aproni. Irudishe imefuliwa.