Nilivyoacha kumuogopa papa (huku nikimla kila wiki)

Mi ni mtu wa Singida, bahari nimeiona kwa macho nikiwa na miaka 24, ila papa nilianza kumuogopa nikiwa darasa la tano kwenye kibanda cha video, kiingilio mia, tumebanana kwenye mabenchi, mdada kwenye TV anaogelea zake afu maji yakawa mekundu. Basi. Toka siku hiyo hata bwawani siingii zaidi ya magoti, na Singida papa anatoka wapi jamani.

Nikaja kuolewa kisiwani Mafia. Kichekesho ni kwamba papa mkavu nimejifunza kumpika hukohuko, namloweka maji ya moto atoke chumvi, naparua ile ngozi yenye kukwaruza kama msasa, namchambua, namkaangia kitunguu na nyanya afu tui zito juu, kila wiki lazima. Yaani kati yetu wawili mwenye haki ya kuogopa ni yeye. Ila woga hausikii hoja.

Maana hoja nilipewa nyingi tu. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, anatembeza wageni kwa boti, akawa ananisomea kwenye simu: Chuo Kikuu cha Florida kuna watu wanaoweka rekodi za dunia nzima, mwaka 2024 walihesabu matukio 47 ya papa kumng'ata mtu bila kuchokozwa. Dunia nzima! Namwitikia ndiyo ndiyo, afu nikiwaza bahari tumbo linakata vilevile. Kwa hiyo kama una ndugu muoga, takwimu mpe, ila usitegemee zitamuingiza kwenye maji.

Mara ya kwanza nilikosea. Wageni walikuwa wanaenda kumwangalia papa potwe, yule papa mkubwa kuliko wote, hapo mbele ya Kilindoni, huwa anaonekana sana kuanzia Oktoba hadi kama Februari hivi, nikapanda nao, wote wakaruka nikabaki mimi na nahodha ananiangalia, nikaona aibu nikaruka. Kichwa kimeingia majini sioni kitu, maji yamejaa vijidudu vidogo anavyokula potwe mpaka ni kama supu ya kijani, nikavuta pumzi kwa pupa, mrija ukaingia maji, nikarudi botini natapika. Hata mkia wake sikuuona. Usiruke kwa sababu watu wanakuangalia, utarudi na woga mara mbili.

Usiku ule nilikaa nikajiuliza hivi naogopa nini hasa. Nikagundua papa ni kisingizio, ninachoogopa ni kutoona chini, na ukweli ni kwamba kuogelea nilikuwa sijui, laifu jaketi ndo ilikuwa inanibeba. WHO wanasema mwaka 2021 watu kama laki 3 walikufa maji duniani. Hiyo ndo ilitakiwa initishe miaka yote mi nahangaika na papa.

Kwa hiyo nilianzia kwenye beseni. Sitanii. Maski na mrija, uso kwenye beseni la kufulia, watoto wanacheka, mi nahesabu: kuvuta nne, kutoa nane. Ile ya kutoa ndo ya muhimu, mtu mwenye hofu huwa anavuta tu hatoi. Baada ya wiki kadhaa shemeji akawa ananipeleka pwani siku za maji mafu ambazo mkondo hauna nguvu, kwanza maji ya kiuno, afu kifuani, afu pale ambapo mguu haugusi. Miezi miwili. Nilimkasirikia sana, "Shem, leo hatua moja tu", kila siku hatua moja.

Msimu uliofuata nikashuka kwa ngazi, sikuruka, mkono umeshika boti. Ndege walikuwa wanajirusha kwenye dagaa, shemeji akasema subiri hapohapo. Kwanza nikaona madoa. Madoa meupe yanaelea peke yake kwenye ule ukijani, afu ndo mdomo, umeachama kama mlango wa banda, anameza maji na kuyatolea kwenye matamvua, chini ya tumbo amebeba chazo wawili, wale samaki wanaojibandika kwa wenzao, wamening'inia kama wamepewa lifti. Alikuwa na urefu wa mita sita hivi. Meno anayo maelfu ila hayafiki punje ya mchele. Akapita. Hakuniangalia hata kidogo, na nakwambia nilijisikia vibaya kidogo, miaka yote hiyo nimemuwaza mtu ambaye hana habari na mimi.

Sasa usinielewe vibaya, potwe siyo papa wote. Wapo wa kuheshimiwa kweli, na mpaka leo mi siogelei jioni giza likianza, siingii maji ya tope kama ya kule mdomoni mwa Rufiji, wala karibu na wanapopaa samaki na kumwaga matumbo. Hata potwe mwenyewe usimguse, na mkia wake ukae nao mbali, siyo kwa ubaya, ni mzito tu. Na chagua nahodha anayekubali ukisema leo sishuki. Akikucheka, tafuta mwingine.

Oktoba hii nampeleka binti yangu wa miaka tisa. Papa hamuogopi hata kidogo. Yeye shida yake ni pweza.