Kushika kigasha wakati wa kumsalimia mkubwa

Ndugu, umeuliza kwa nini watu wa Iringa, wanapompa mkubwa mkono au kupokea kitu kutoka kwake, hukishika kigasha (sehemu iliyo kati ya kiwiko na kiganja) cha mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, huku magoti yakikunjwa kidogo.

Mkono wa kushoto, unaohusishwa na kazi chafu, haufai kutoa wala kupokea peke yake. Lakini kuuacha ukining'inia au ukiwa mfukoni mbele ya mzee ni dharau, hivyo huwekwa mahali pa kuutegemeza ule wa kulia, kana kwamba kinachopokelewa ni kizito, hata kikiwa kikombe cha chai tu. Wapo wanaosema asili yake ni kuonyesha kwamba hukuficha silaha; binafsi naona maelezo ya uzito yanatosha zaidi, kwa sababu ishara hii huonekana hata kwa mtoto anayepokea hindi la kuchoma kwa bibi yake.

Kukunja magoti ni jambo jingine. Mwanamke wa Kihehe anayemletea mgeni maji ya kunawa hupiga goti kabisa, akasema "Kamwene", salamu ya Wahehe, wenyeji wa Iringa. Shikamoo yetu nayo ina wazo hilohilo la kujishusha, kwani inatokana na kushika miguu, ingawa siku hizi hutamkwa mtu akiwa amesimama wima, pengine simu ikiwa sikioni.

Kushika kigasha si kwa Wahehe peke yao. Wabena wa Njombe na Wanyakyusa wa Tukuyu nao hufanya hivyo.