Je, Mungu alilivunja agano Yerusalemu ilipoteketezwa?

SWALI: Bwana asifiwe, Mwalimu. Kwenye jumuiya yetu tunasoma kitabu cha Yeremia. Mungu alimwapia Ibrahimu, akamwapia na Daudi kwamba kiti chake kitadumu milele. Halafu Wababeli wakaja, wakauchoma mji na hekalu. Mzee mmoja wa kanisa alituambia kwamba dhambi zikizidi, agano linakufa. Tangu siku hiyo sisali kwa amani. Kama la kwao lilikufa, langu litapona? Tumwite Mungu mwaminifu, au tumwite hakimu?

JIBU: Amina, mpendwa. Usiogope kuuliza hivyo. Zaburi ya 89 inamlalamikia Mungu waziwazi kwamba amelichukia agano la mtumishi wake na kuitupa taji yake chini. Malalamiko hayo hayakufutwa. Yaliimbwa pamoja na sifa.

Agano halikufa. Adhabu iliyoipata Yerusalemu mwaka 587 au 586 kabla ya Kristo ilikuwa imetajwa ndani ya agano lenyewe tangu mwanzo. Soma Walawi 26 na Kumbukumbu la Torati 28: njaa, kuzingirwa, kuchukuliwa mateka, yote yamo. Na katika Walawi 26:44 Mungu anasema kwamba hata watakapokuwa katika nchi ya adui zao, hatawakataa wala kulivunja agano lake nao. Lakini najua jibu hili peke yake halimtulizi mtu aliyekosa usingizi. Kwa hiyo twende Yeremia 34, sura ambayo wengi huipita haraka.

Jeshi la Babeli limeizingira Yerusalemu. Miji yenye ngome iliyobaki Yuda ni miwili tu, Lakishi na Azeka. (Mwaka 1935 wachimbaji walipata huko Lakishi vigae vilivyoandikwa kwa wino siku zile za vita. Katika kimoja mwandishi anasema wanaziangalia ishara za Lakishi, maana Azeka hawaioni.) Katika hofu hiyo mfalme Sedekia na wakuu wanakumbuka sheria waliyoipuuza miaka mingi: Mwebrania aliyeuzwa utumwani aachwe huru mwaka wa saba. Wanaingia hekaluni. Ndama anachinjwa, anapasuliwa vipande viwili, nao wanapita katikati ya vile vipande. Kiebrania husema “kukata agano”, na Biblia yetu ya Kiswahili ikitafsiri “kufanya agano”, damu ile haionekani tena. Anayepita pale anajiapiza: nikilivunja, yanipate ya ndama huyu. Wazee wetu waliochanjiana damu wangeelewa bila kufafanuliwa.

Watumwa wakaachwa. Kisha ikaja habari kwamba jeshi la Farao limetoka Misri, na Wababeli wakaondoka kuliendea. Malango yakapumua. Nao mabwana wakawafuata wale waliowaacha, wakawarudisha utumwani.

Hebu mfikirie mjakazi mmoja kati yao. Amelala usiku chache bila kuitwa na mtu. Ameanza kuzoea kuamka kwa hiari yake. Asubuhi moja bwana wake wa zamani amesimama mlangoni, yule yule aliyepita kati ya vipande vya ndama mbele za Mungu, na anamwambia twende nyumbani.

Hapo ndipo Mungu anaponena. Anawakumbusha kwamba aliwatoa baba zao Misri, katika nyumba ya utumwa. Anasema: ninyi hamkutangaza uhuru, basi mimi nawatangazia uhuru ninyi, kwa upanga, kwa tauni na kwa njaa. Nao waliopita kati ya vipande watakuwa kama yule ndama.

Sasa ninakuuliza wewe, mpendwa. Yule mjakazi alikuwa mtoto wa nani? Alikuwa mtoto wa Ibrahimu, sawa na bwana wake. Ahadi ile ilikuwa yake pia. Kama Mungu angenyamaza ili kulilinda hekalu na kiti cha enzi, angekuwa amelivunja agano kwake yeye. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na kuuliza “mwaminifu au hakimu”. Aliwahukumu wakuu kwa sababu ni mwaminifu, na wa kwanza kuuhitaji uaminifu huo alikuwa mjakazi yule. Yeremia 39:10 inaeleza kwamba mji ulipoanguka, maskini wasio na kitu waliachwa Yuda wakapewa mashamba na mizabibu. Huwa nasimama kwenye aya hiyo kila niisomapo.

Kuhusu lile agano la Ibrahimu, rudi Mwanzo 15. Kuna wanyama waliopasuliwa pale pia, na Abramu anafukuza tai wasiile mizoga. Jua linapotua anashikwa na usingizi mzito. Tanuru ya moshi na mwenge unaowaka vinapita kati ya vipande. Abramu hapiti, amelala. Mungu peke yake ndiye aliyejifunga kwa damu ile. Siku za Sedekia walipita watu, wakavunja, yakawapata waliyojiapiza. Kwa Ibrahimu alipita Mungu, na hapo ndipo uzao wote unaposhikilia, wako pia kwa imani. Mwambie mzee wako hivyo, kwa heshima.

Na usiache sura ya 32 ya Yeremia. Mji ungali umezingirwa, Yeremia amefungwa katika uwanda wa walinzi. Binamu yake Hanameli anamjia auze shamba la Anathothi, nje ya kuta, ambako adui ndiye mwenye nguvu. Yeremia anampimia shekeli 17 za fedha kwenye mizani, anaita mashahidi, anamkabidhi mwandishi wake Baruku hati mbili, moja imetiwa muhuri na moja i wazi, ziwekwe katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Baada ya kulipa ndipo anapomlilia Mungu: mbona umeniambia ninunue, na mji umekwisha tiwa mikononi mwa Wakaldayo, yaani Wababeli? Sala yake inaanzia aya ya 16. Isome usiku huu kwa sauti, na ufikapo aya ya 25, swali lako uliweke papo hapo, kando ya lake.