Maswali na majibu: Kongo husafiri vipi, na huwasiliana vipi?

Malori mengi ya Bandari ya Dar es Salaam sasa huelekea Lubumbashi na Kolwezi, na maswali yenu kuhusu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo yameongezeka. Leo nayajibu machache.

Nikishafika Lubumbashi na lori, naweza kuendelea kwa barabara hadi Kinshasa? (Dereva, Tunduma)

Kwenye ramani, ndiyo. Barabara ya Taifa Namba 1 huanzia Banana kwenye Bahari ya Atlantiki, ikapita Matadi, Kinshasa, Kikwit na Mbuji-Mayi, kisha ikashuka Kolwezi hadi Lubumbashi. Lakini ukitoka Kinshasa ukapita Kikwit, mbele yake lami ndiyo unaiaga. Huko katikati kuna mchanga na udongo mtupu, na mvua ikinyesha lori hulala njiani siku kadhaa. Nchi hii ni zaidi ya mara mbili ya Tanzania kwa ukubwa, lakini lami yake ni kilomita elfu chache tu. Kaka, shusha mzigo Lubumbashi. Mwenye haraka ya Kinshasa hupanda ndege.

Kwa nini reli ya Lubumbashi haifiki mji mkuu? (Mwanafunzi, Tabora)

Kwa sababu haikujengwa kwa ajili ya wasafiri. Wakoloni wa Kibelgiji walitaka kutoa mali, na barabara yao kuu ilikuwa Mto Kongo. Meli hupita kati ya Kinshasa na Kisangani, kilomita 1,700 hivi. Pale mto unapozuiwa na maporomoko, ndipo waliweka reli: kilomita 366 kutoka Matadi hadi Kinshasa, iliyofunguliwa 1898 baada ya vibarua wengi kupoteza maisha, na nyingine ya kilomita 125 kutoka Kisangani kwenda Ubundu. Shaba ya Katanga ikapata reli yake hadi Ilebo mwaka 1928. Hapo mzigo hupakuliwa, ukashuka Mto Kasai kwa matishari hadi Kinshasa, ukapakiwa tena kwenye treni ya Matadi.

Siku hizi wenye migodi hawana subira hiyo. Wanatumia malori kwenda Dar es Salaam na Afrika Kusini, na sasa fedha nyingi zinaelekezwa kwenye reli ya Lobito, Angola. Nafurahi reli ikifufuliwa, lakini hii nayo inatoka mgodini kwenda baharini. Mkulima wa Kasai anayetaka kuuza mahindi yake Kinshasa bado hajafikiriwa, na hilo linaniuma.

Kigoma inaingia wapi? (Msomaji, Ujiji)

Ng'ambo yenu ni Kalemie, ambako reli ya Kongo ilifika ziwani 1915. Mwaka 1921 Waingereza waliwakodisha Wabelgiji maeneo ya bandari Kigoma na Dar es Salaam kwa faranga moja kwa mwaka. Njia hiyo bado ipo.

Ni kweli watu hukaa botini wiki nzima? (Mama mfanyabiashara, Mwanza)

Hata zaidi, mama. Tagi moja husukuma matishari kadhaa yaliyofungwa pamoja, na juu yake wamejaa watu, mbuzi, magunia na majiko ya mkaa. Mitumbwi ya vijijini hupiga makasia kuifuata, ikajishikiza ubavuni kuuza samaki wa kukausha na kununua chumvi, sabuni na dawa. Kwa vijiji vingi hilo ndilo duka. Mbele kabisa husimama vijana wenye pondo ndefu. Wanazizamisha majini na kumtajia nahodha kina kwa sauti, kwa kuwa mafungu ya mchanga huhamahama na maboya hayatoshi. Boti za mbao zikizidishiwa mzigo na kusafiri usiku, watu hufa. Maboya, taa na ukaguzi ni gharama ndogo sana ukilinganisha na barabara mpya, na serikali ingeanzia hapo.

Na simu? (Mwalimu, Bukoba)

Simu zimeitangulia barabara. Simu za nyaya ziliporomoka, na miaka mingi misheni na mashirika ya ndege yaliwasiliana kwa redio za mawimbi mafupi, ambazo Wakongo huziita foni. Telecel ilianza simu za mkononi Kinshasa katika miaka ya 1980, zikiwa za matajiri. Leo kuna Vodacom, Airtel, Orange na Africell, na watu wengi hubeba laini zaidi ya moja, maana mnara wa huyu haufiki alipo yule. M-Pesa ya kule huweka akaunti ya dola na ya faranga.

Kwa intaneti, pwani ya Kongo ni fupi mno. Kebo ya baharini ya WACS imetua Muanda, huku mashariki ikitegemea sana nyaya zinazopitia nchi jirani. Serikali nayo imewahi kuizima intaneti: baada ya uchaguzi wa Desemba 2018 ilikatwa kwa takribani wiki tatu.

Nimpigie saa ngapi ndugu yangu wa Kinshasa? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kongo ina majira mawili ya saa. Kwako ikiwa saa 4 asubuhi, Lubumbashi, Goma na Bukavu ni saa 3, na Kinshasa ni saa 2. Mpigie saa 5 yako, atakuwa amekwishafika kazini.