Pasta anataka elfu tatu aniamshie malaika

Bwana asifiwe Mwalimu. Mimi ni mama mboga hapa Githurai, kila siku saa kumi alfajiri niko njiani kwenda Marikiti kuchukua mzigo. Mwezi jana matatu yetu ilipasuka tairi pale Roysambu ikapinduka, mimi nikatoka na vumbi tu lakini jirani yangu, na tulikuwa tumekaa kiti kimoja, mguu ulivunjika mahali pawili na mpaka leo hatembei. Nikashuhudia kanisani kwamba ni malaika aliniokoa. Baada ya ibada pasta akaniita kando akasema kila mtu ana malaika wake ila wa wengi wamelala, wangu siku hiyo aliamka kidogo tu, nitoe mbegu ya elfu tatu amwamshe kabisa na anipatie jina lake niwe namwita. Mama mkwe ni Mkatoliki, anacheka anasema yeye huongea na wake kila usiku bure. Bwanangu naye anasema hizo stori za malaika ni za Wakatoliki. Nani yuko sawa? Na mbona jirani yangu hakusaidiwa?
Mama Kevo, Githurai

Mama Kevo, pole sana kwa ajali, na hiyo elfu tatu nunua nayo nyanya.

Wacha nianze na huo usingizi maana hapo ndipo pasta wako ameniacha hoi. Mimi nimesoma Biblia miaka mingi na sijaona mahali mtu anaamsha malaika, kila mara ni malaika anaamsha mtu! Fungua Matendo 12, Petro yuko gerezani amelala katikati ya askari wawili, minyororo miwili, malaika anaingia anampiga ubavuni ndio aamke, tena anamwambia avae viatu kama mtoto anayechelewa shule. Eliya naye, 1 Wafalme 19, amemkimbia Yezebeli, amechoka mpaka anaomba afe, amelala chini ya mti wa mretemu, malaika anamgusa anamwambia inuka ule, kuna mkate juu ya makaa na maji, anakula analala tena, anaguswa mara ya pili. Wanaolala ni sisi. Na Zaburi 121 inasema mlinzi wa Israeli hasinzii wala halali, sasa bosi halali halafu mfanyakazi aje akorome?

Ukitaka mstari mmoja wa kuweka kichwani, ni Waebrania 1:14, unasema malaika ni roho watumikao, wanaotumwa kuwahudumia watakaourithi wokovu. Wanatumwa. Hata neno lenyewe malaika tumelitoa kwa Kiarabu, na ni ndugu na lile la Kiebrania, malakh, maana yake mjumbe, Wagiriki nao wanasema angelos, ni mjumbe tu. Mjumbe anamsikiliza aliyemtuma, si eti mtu yeyote wa Githurai mwenye pesa kwa M-Pesa anaweza kumpigia aje.

Kuhusu jina na malipo, soma Waamuzi 13. Huyo Manoa, babake Samsoni, alijaribu yote mawili siku moja, akataka kumchinjia mgeni mwanambuzi, akaambiwa chakula chako sili, ukitaka kutoa sadaka mtolee Bwana. Akauliza jina, akajibiwa mbona unaniuliza jina langu na ni la ajabu. Yaani mbuzi imekataliwa na jina hakupewa. Mama mkwe wako ana kitabu cha Tobiti kwa Biblia yake (yako pengine hakimo), mwambie akusomee mlango wa 12, Tobiti na kijana wake wanataka kumpa yule msaidizi wao wa safari nusu ya mali yote waliyorudi nayo, ndipo anajitambulisha kuwa ni Rafaeli na kuwaambia wamsifu Mungu. Na hata Roma yenyewe mwaka 2001 ilitoa mwongozo kwamba watu wasiwape malaika majina, isipokuwa hao watatu wa kwenye Maandiko, Gabrieli, Mikaeli na Rafaeli. Kwa hivyo hilo jina pasta anauza sijui amelitoa duka gani.

Bwanako mpe chai kwanza halafu umwambie amekosea. Martin Luther mwenyewe, aliyeanzisha Uprotestanti na ambaye hakuna atakayemwita Mkatoliki mzuri, kwa Katekisimu yake Ndogo (kitabu cha mafundisho ya imani) ya 1529 aliweka sala ya asubuhi na ya jioni inayomwomba Mungu malaika wake mtakatifu awe nasi, adui asipate nguvu juu yetu. Tofauti iko mahali pengine. Wakatoliki wanaamini kila mtu ana malaika mlinzi, wana hata sikukuu yao tarehe 2 Oktoba, na wanaongea naye moja kwa moja kama mama mkwe. Waprotestanti wengi wanamwomba Mungu peke yake, yeye ndiye aamue atamtuma nani, na kuna wengine kama Calvin, mwalimu mkubwa wa Waprotestanti wa zamani, hawakuwa na uhakika kama kila mtu ana wake mmoja ama ni jeshi zima linatuangalia. Mathayo 18:10 Yesu anasema watoto wadogo wana malaika wao mbinguni, hapo ndipo pande zote mbili huchotea maji. Lakini kumsujudia malaika hapana, Ufunuo 22 Yohana alianguka miguuni pa malaika akaambiwa usifanye hivi, mimi ni mjoli wako (mtumishi mwenzako), msujudie Mungu. Kwa hilo wewe na mama mkwe hamna ugomvi.

Sasa jirani. Hili swali ndilo gumu na sitakudanganya. Rudi tena kwa hiyo Matendo 12, kabla malaika hajaingia gerezani, mstari wa 2 unasema Herode alimuua Yakobo kwa upanga. Mitume wawili, mfalme huyohuyo, mmoja anafunguliwa mlango na mwingine anazikwa, na Luka, mwandishi wa Matendo, haandiki hata neno moja kueleza kwa nini. Si kwamba Yakobo malaika wake alikuwa amelala. Na Yesu pale bustanini, Luka 22:43, malaika alitoka mbinguni akamtia nguvu, lakini kikombe cha mateso hakikuondolewa, kesho yake akasulubiwa. Kwa hivyo ukienda kumwona jirani, tafadhali, usimwambie wangu alikuwa macho. Mpelekee uji, umfulie nguo, uulize watoto wake wamekula nini.

Na tukiwa hapo, hiyo tairi. Matatu nyingi zimebandikwa Zaburi 91 kwa kioo, atakuagizia malaika zake wakulinde, na tairi chini imelika mpaka inang'aa kama kipara! Huo mstari ndio Shetani alimsomea Yesu juu ya kinara cha hekalu akimwambia ajirushe, na Yesu akamjibu usimjaribu Bwana Mungu wako. Ukiona tairi ya hivyo shuka, ngoja nyingine, hata kama mzigo utachelewa.

Mwalimu, mtoto wangu alifariki akiwa na miezi minne. Wote waliokuja matanga walisema sasa ni malaika. Ni kweli?
Mama wa Umoja

Pole mama. Kiswahili chetu huwaita watoto wachanga malaika na ni neno la upendo, usiwakasirikie waliokuambia. Lakini kwa imani ya Kikristo malaika waliumbwa malaika, watu hawageuki kuwa wao. Yesu alisema kwenye ufufuo watu watakuwa kama malaika, amesema kama. Mtoto wako bado ni mtoto wako, na jina ulilompa bado ni lake.

Niaje Mwalimu. Nilikwama usiku Mombasa Road mvua inanyesha, jamaa wa bodaboda akanifikisha South B akakataa pesa. Alikuwa malaika?
Njoro

Sijui Njoro. Waebrania 13:2 inasema wengine waliwakaribisha malaika pasipo kujua, lakini angalia vizuri, huo mstari unaongea na mwenye nyumba, si na mgeni, ni wewe unaambiwa usisahau kuwafadhili watu. Abrahamu aliona wanaume watatu mchana wa jua kali akakimbia kuchinja ndama bila kuuliza vitambulisho. Huyo jamaa kama alikuachia namba mpigie umwambie asante, na akishika simu basi ana laini, kwa hivyo ni mtu wa hapa hapa.